Mjomba wangu alichonga bawa la ndege ya kupita kasi ya sauti, nyuma ya tanuri la mikate Bagamoyo

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Nimeona mnavyobishana kuhusu ndege za abiria zenye kasi kuliko sauti, nikasema na mimi mama mtu mzima nitoe la kwangu. Atakayesema hii ni chai, aseme. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nimetoka chuoni juzi tu, nikapangiwa kwetu Bagamoyo.

Mjomba Athumani, kaka yake mama, alikuwa fundi wa kunakshi milango. Ujanani alipata kazi ya useremala melini, akaishia Ulaya, kwenye karakana ya kuchonga modeli za ndege. Huko walikuwa wanaunda ndege ya majaribio, ili siku moja abiria waruke kwa kasi kuliko sauti.

Kabla ya kuijenga yenyewe, modeli ya mbao huwekwa kwenye chumba chenye feni kubwa, ili wapime jinsi upepo unavyoipita.

Hapa wengi hamjui, wakuu. Kazi si kukimbia tu. Bawa jembamba la kukata hewa kwa kasi ile linapata taabu ndege ikipunguza mwendo ili itue. Modeli ya mjomba ilikuwa ya kupimia kutua.

Basi bibi yangu akapooza upande mmoja. Mjomba akaomba ruhusa aje kumuuguza mama yake, na kazi akaja nayo: michoro, mbao, na vigezo vya bati vya kupimia umbo la bawa.

Mtaani wakavumisha kwamba kafukuzwa. Mama akamkabili, mimi nikiwa hapo hapo.

"Kaka, watu wanasema Ulaya wamekutimua, ndiyo maana unashinda na vidude vya mbao. Niwajibu nini?"

"Waambie nachonga bawa."

Mama akaguna, akaendelea kumlisha bibi uji.

Asubuhi bawa lilikataa kuingia kwenye kigezo. Alasiri likaingia bila shida. Siku ya pili hivyo hivyo! Mjomba akaanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe.

Nikamwambia, "Mjomba, si mikono. Ni unyevu wa bahari. Mbao zinavimba."

Akanitazama, akacheka. "Kumbe wamekusomesha, mwanangu."

Tukatafuta mahali pakavu mji mzima. Tukapata stoo ya unga ya Mzee Jumbe, mwoka mikate, iliyo ukuta mmoja na tanuri lake. Nilipomwamkia, "Shikamoo mzee," na kumweleza shida yetu, aliitika marahaba, kisha akacheka mpaka akashika mlango. Lakini stoo akatupa.

Mjomba akahamia humo. Asubuhi anamgeuza bibi na kumwogesha, kisha anakwenda stoo. Jasho linamtiririka, unga umemganda kwenye nyusi. Anachonga kidogo, anapitisha kidole, anafumba macho, anapitisha tena. Mimi nikitoka shule namsomea maelezo ya michoro. Kiingereza cha kuongea alikuwa nacho, cha kusoma kilimsumbua.

Wiki ya sita bawa likakamilika, likapakwa vanishi. Lilikuwa zuri, wakuu, sijapata kuona mbao nyembamba vile. Ijumaa yake lilitakiwa lipande ndege Dar.

Jumatano mjomba akaniita stoo. Amekaa chini, uso umempauka.

"Ukingo wa kushoto umezidi."

Nikapima. Umezidi kwa unene wa karatasi ya kusokotea sigara. Nikamwambia hakuna atakayeona.

"Rubani hataona," akasema. "Bawa la kweli litafuata vipimo vya hili, naye atashika usukani aishushe ndege, ataliamini. Mimi ndiye ninayejua."

"Ukichelewa wakakuachisha kazi?"

"Nitarudi kwenye milango."

Tukaenda posta, akapeleka simu ya maandishi: nipeni wiki mbili, ukingo wa kushoto si sahihi. Sitaki kuwadanganya, mimi nililia njiani. Niliona anajimaliza mwenyewe, na mtaa utapata la kusema.

Akakwangua vanishi yote, akaanza ukingo upya.

Majibu yalikuja siku ya nne: tunasubiri, chukua muda wako.

Bawa likaondoka. Bibi naye akatutoka miezi michache baadaye, mjomba akamzika, kisha akarudi kazini kwake. Ilipita miaka. Siku alipokuwa nyumbani kwa likizo ikaja bahasha kutoka karakanani, ndani yake picha: ndege ya majaribio ipo hewani, pua juu, bawa lake umbo lile lile la mjomba.

Tulikuwa dukani kwa Mzee Jumbe. Mama akaidaka picha, akawaonyesha wanunuzi wote. Mjomba hakuitazama. Alinishika mkono.

"Barua inasemaje kuhusu kutua?"

Nikasoma. "Imetua salama, tena kwa jaribio la kwanza."

Mjomba akakaa juu ya gunia la unga, akalia kama mtoto mbele za watu, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Ndege ile haikuwahi kubeba abiria, mradi ulifungwa. Lakini mimi nilifundisha fizikia mpaka nastaafu, na nilichojifunza stoo ile ni kwamba kosa unalolijua peke yako ndilo linalokupima. Nilimshauri mjomba anyamaze. Hadi leo naona aibu, na nashukuru hakunisikiliza.

Haya, wenye maswali ulizeni. Na mliowahi kuona fundi wa namna hii, tuwekeeni hapa tuwajue.