Garantii ya Redio ya Bwana

Wenzangu, nichekeni tu, lakini nichekeni polepole.

Mimi ni karani wa shamba la mzungu hapa nje ya Eldoret. Bwana alipokwenda Nairobi wiki nzima, aliniachia redio yake mpya na onyo moja: nisiiguse. Niliigusa jioni ile ile. Kufikia Ijumaa betri ilikuwa imeisha, redio ikanyamaza.

Nikafanya kile ambacho sisi wote hufanya betri ya tochi ikichoka. Niliitoa, nikaipasha moto jikoni kwangu ili ipate nguvu, kando ya mahindi aliyokuwa akichoma mke wangu. Nikairudisha. Kimya.

Bwana aliporudi na kukuta redio haisemi, aliwakasirikia wenye duka waliomuuzia, si mimi. "Garantii bado iko, lazima waitengeneze bure. Twende mjini." Njiani jasho lilinitoka, na asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya kutetemesha ng'ombe.

Dukani, fundi Mhindi aliuliza kama kuna mtu ameifungua. Bwana hajajibu, mimi kwa kimbelembele changu nikadakia: "Hakuna! Mimi ni Mkristo, siwezi kusema uongo. Hao wa kiwandani ndio wametuuzia kitu kibovu!"

Fundi akafungua redio kwa nyuma, akatoa betri, akainusa. Nta iliyoiziba ilikuwa imeyeyuka, na juu yake imenata punje moja ya mahindi, nyeusi upande mmoja.

Akaibandua, akaiweka mezani mbele ya Bwana, kisha akanitazama.

"Karani, na hii pia ilitoka kiwandani?"