Orodha ya chama ilimweka mke wangu chini ya ex wake, nikapiga kura kwa wivu

Wakuu, salaam kutoka Jozi, yaani Johannesburg.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo naupost kabla sijabadili mawazo.

Hii si chai. Nilichobadili ni majina tu, kwa sababu wahusika wote wako hai na mmoja wao nalala naye kitanda kimoja.

Mimi ni fundi makochi, mzaliwa wa Morogoro. Duka langu liko Kensington, pale barabara kubwa, na nyumba yetu iko Troyeville.

Mke wangu, tumwite Nomsa, ni Msauzi. Alikuja kwetu akiwa binti mdogo, mkimbizi wa siasa, akasomea Mazimbu, hapo hapo Morogoro, kwenye makazi ya wapigania uhuru. Alileta viti vya darasani nivitengeneze, nikavichelewesha makusudi ili arudi kuulizia. Tukaoana.

Ubaguzi ulipoisha akarudi kwao na mimi nikamfuata. Ndiyo, mwanaume nilifuata mke. Wa kucheka wacheke sasa, tuendelee.

Kabla hatujaoana Nomsa aliniambia kitu kwa mdomo wake mwenyewe. Aliwahi kuwa na komredi mwenzake pale Mazimbu, anaitwa Mandla, miezi minne tu, ikaisha.

Nikasema sawa. Wakati ule Mandla alikuwa kapelekwa nchi nyingine huko, na mtu wa mbali ni rahisi kumsamehe.

Sasa tumefika Jozi, nani anagonga mlango? Mandla. Ana flat Randburg, ana gari zuri, na ni mtu wa chama kama Nomsa.

Tena anaongea Kiswahili cha kwetu kabisa. Anaingia, anavua viatu, anakaa kwenye kochi nililolishona kwa mikono yangu. "Shemeji, hii springi umeweka wewe? Sharp sana."

Halafu anageukia kwa Nomsa wanaanza Kizulu. Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nikiuliza kuna nini, Nomsa ananitafsiria, na kichekesho kikifika kwangu kimeshapoa. Kinachouma zaidi, vichekesho vyenyewe vilikuwa vya Morogoro. Wananicheka nchini kwangu bila mimi kuwepo!

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda hadi nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda.

Twende 1999.

Mwaka ule ulikuwa na uchaguzi wa bunge la taifa na mabunge ya mikoa. Nomsa akarudi kutoka kwenye kikao akiwa anang'aa. Chama kimemweka kwenye orodha ya kugombea bunge la mkoa wa Gauteng.

Nikamuuliza, "Jimbo gani? Tuanze kampeni, nina wateja Kensington nzima."

Akacheka. "Baba Zola, huku hakuna jimbo. Hakuna mtu anayepiga kura kumchagua Nomsa."

Hapa naomba wadau wa siasa mnivumilie, niwaeleze wasiojua.

Huku mwananchi anapigia chama tu. Chama kinakuwa kimeshapeleka orodha ya majina, namba moja mpaka ya mwisho. Kura zikihesabiwa, chama kinapata viti kulingana na asilimia yake. Kikipata viti kumi, wanaingia namba moja hadi kumi, na wa kumi na moja anabaki nje na suti yake. Kwetu kinachokaribia hapo ni viti maalumu.

Nomsa alinieleza hayo vizuri tu akiwa anakaanga vitunguu. Tatizo mimi nilisikiliza nusu, kwa sababu nusu nyingine nilikuwa nasoma gazeti lenye orodha.

Namba zenyewe siziandiki, wazee wa kugoogle mpo. Ila Mandla alikuwa na namba yake, na namba inayomfuata hapo hapo chini ni ya mke wangu.

"Mbona mko pamoja?" nikauliza.

"Ni utaratibu wa chama. Mwanaume, mwanamke, mwanaume, mwanamke. Ili wanawake wasirundikwe mwisho."

Mwanaume, mwanamke. Wakuu, ile orodha nilikata nikaiweka chini ya cherehani dukani. Kila nikishona naichungulia. Niliona watu wawili wamelala juu na chini, tena wamebarikiwa na chama.

Na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kosa ambalo mpaka leo linaniaibisha. Nikaamini kwamba wanaingia wawili wawili, jozi kwa jozi, kama wanyama wa safina ya Nuhu. Wakipita wamepita wote, wakikosa wamekosa wote. Sikumuuliza mtu. Mwenye wivu haulizi, ana majibu tayari.

Wiki tatu kabla ya kura nilipeleka kochi la mteja Randburg. Nimesimama kwenye robot, taa nyekundu, nikageuza shingo kwenye mgahawa wa pembeni. Nomsa na Mandla. Karatasi zimetapakaa mezani, vichwa vimekaribiana, Mandla anamwonyesha kitu kwa kalamu na yeye anatikisa kichwa huku anatabasamu.

Lile tabasamu nilikuwa sijaliona nyumbani tangu kampeni zianze.

Taa ikawa kijani, magari nyuma yananipigia honi, mimi nimeganda. Jioni nikamuuliza ameshindaje. Akasema, "Eish, vikao tu. Mandla alikuwa ananifundisha kuhutubia." Akasema ukweli na mimi nikausikia kama uongo.

Nikapiga hesabu. Miaka mitano, bunge moja, viti jirani, safari za kamati, hoteli. Nikaamua hawaingii.

Sasa sikieni nilivyofanya, na hapa ndipo naomba radhi ya mwenye kusoma.

Kila Jumapili nyumbani kwetu walikuwa wanakuja Watanzania wenzangu walioolewa au kuoa kwenye familia za wakimbizi waliorudi. Sita, na mimi wa saba. Wote tumeshapata uraia na vitambulisho vya huku, wote tumejiandikisha shule ile ile ya hapa mtaani. Nomsa ndiye aliyekuwa anatupikia pilau. Alijifunza Morogoro kwa mama yangu mzazi na alimpita. Yeye mwenyewe hakai mezani na sisi, anasema mkishaanza Kiswahili cha kasi mnanichosha, anakula jikoni na Zola binti yetu.

Jumapili moja, Nomsa yuko jikoni, nikawaambia wenzangu kwa sauti ya chini kwamba mke wangu presha inampanda. Daktari kamwambia apumzike. Chama kimemlazimisha kugombea na hawezi kukataa. Akikosa kwa kura, atakuwa ameokoka kwa heshima.

Uongo mtupu. Nomsa alikuwa mzima kuliko sisi wote.

Dada Rehema, aliyekuwa mkubwa wetu, akaniangalia. "Una uhakika ndugu yangu? Mbona hajaniambia?"

"Hasemi. Unamjua."

Tukakubaliana. Karatasi ya taifa tunakipa chama chetu kama kawaida. Karatasi ya mkoa tunakipa kichama kimoja cha chini kabisa, alama yake ndoo, ambacho mtaani kwetu hakikuwa hata na bango. Kura ziende kule zikafie.

Halafu mlango wa jikoni ukafunguka, Nomsa akaleta sinia. "Kuleni, limepoa kidogo." Tukala. Na mimi niliongeza.

Siku ya kura ilikuwa baridi ile ya Juni ya Jozi, masikio yanauma. Nilipanga foleni na Nomsa mbele yangu, kanifunga skafu yake shingoni kwa sababu nimesahau yangu. Wakatupaka wino kwenye kidole gumba.

Ndani ya kile kibanda nilisimama na karatasi ya mkoa kwa muda. Nikatafuta jina la Mandla nilikate. Halikuwepo. Jina la Nomsa pia halikuwepo. Vyama tu na alama zake. Nikaweka alama ya X kwenye ndoo.

Nilipotoka Nomsa akanishika mkono. "Umenipigia?"

"Ningempigia nani mwingine?"

Asubuhi yake alitoka mapema na kalamu kwenda kuangalia matokeo. Huku kura zinahesabiwa kituoni na karatasi ya matokeo inabandikwa mlangoni, kila chama na kura zake. Alirudi, akasema baridi imemwingia kichwani, akalala mchana kutwa. Nikajua ni uchovu wa kampeni.

Siku chache baadaye simu ililia. Niliisikia sauti ya mtu wa chama mpaka nilipokuwa nimekaa.

Viti vya chama viliishia kwenye namba ya Mandla. Mandla ndiye wa mwisho kuingia, Nomsa ndiye wa kwanza kubaki nje.

Nikamuuliza, kama mjinga, "Si mnaingia wawili wawili?"

Akaweka simu chini, akanigeukia. "Nani alikuambia hivyo?"

Orodha inakatwa kutoka chini, wakuu. Ukiipunguzia kura, anayeanza kudondoka ni wa chini. Mimi nilishika panga nikate watu wawili, likamwacha Mandla huko juu likamkata mke wangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi nilimtanguliza mwenzangu.

Mandla alikuja jioni hiyo kumpa pole. Alilia, na mimi nilikaa pale namchukia hata kwa machozi yake, kwa sababu yalikuwa ya kweli na yangu hayakutoka.

Tangu Jumapili iliyofuata pilau likakoma. Nomsa alisema amechoka kupikia watu. Niliwaambia wenzangu presha. Uongo ule ule, safari hii kazi nyingine.

Akarudi kufundisha shule. Hakununa. Alinipa chai, alinipigia pasi mashati, aliniuliza habari za duka. Ila kila Mandla alipoonekana kwenye habari za bunge, alikuwa anazima TV kabla yangu. Na mimi kwa ujinga wangu wivu ukawa unaendelea. Nikawa najiuliza kwa nini anazima, anaficha nini.

Miaka minne ikapita hivyo.

Siku moja Mandla akateuliwa kwenda ubalozini, nchi ya mbali. Na sheria yao ni kwamba mbunge akiondoka hakuna uchaguzi mdogo. Chama kinarudi kwenye orodha, na kuchukua jina linalofuata.

Jina linalofuata mnalijua.

Jamani nilifurahi, lakini hata siku ile wivu haukuniacha. Fundi makochi anajua kiti hubaki na umbo la aliyekikalia. Nikawaza, hata hiki kiti anaachiwa na Mandla.

Siku ya kuapishwa nilimkuta chumbani anapiga pasi gauni. Nikataka kuwa mume mwema. Nikamwambia, "Hongera Mama Zola. Uchaguzi ujao kura yangu unayo."

Akasimamisha pasi.

"Kura yako naijua."

Akafungua mkoba wake, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imechanika. Mwandiko wake, kalamu ya bluu. Jina la shule yetu. Chini yake alama ya ndoo. Kura za taifa, sifuri. Kura za mkoa, saba.

"Mtaa mzima huu hakuna anayekijua hicho chama," alisema. "Niliposoma mlangoni nikajiuliza hawa saba ni akina nani. Nikarudi nyumbani nikakuta sahani za Jumapili bado ziko kwenye kabati juu ya ile sinia. Nikazihesabu."

Wakuu, nikajitetea. Nikasema eti kura saba kwa mkoa mzima haziwezi kumnyima mtu kiti.

"Najua. Mimi ni mwalimu wa hesabu, Baba Zola. Sijawahi kusema mlininyima kiti." Akaendelea kupiga pasi. "Nasema zilitoka mezani kwangu. Na nilikuwa jikoni nawapikia."

Nikamwambia yote. Mgahawa wa Randburg, orodha chini ya cherehani, safina ya Nuhu, presha. Nilipofika kwenye presha akakaa kitandani.

"Kwa hiyo Dada Rehema alidhani naumwa?"

"Ndiyo."

"Miaka minne simsalimii vizuri yule mama."

Ndicho kitu pekee kilichomliza. Mimi hakunililia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile ile. Akajibu, "Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nilitaka kuona itachukua muda gani."

Akavaa gauni, akapitia kwa Dada Rehema, mtaa wa jirani wa Bertrams, akamwomba radhi mlangoni, wakaenda wote kwenye kuapishwa. Kadi za wageni zilikuwa mbili. Moja ya Zola, moja ilikuwa yangu. Ile yangu alikaa nayo Dada Rehema.

Mimi nilifungua duka.

Funzo langu halina mbwembwe. Nilitaka kumkomoa Mandla, na kwenye karatasi ile Mandla hakuwepo. Aliyekuwepo ni mke wangu aliyenifunga skafu. Mwanaume mwenye wivu muulize mkeo swali moja la kijinga uchekwe, yaishe. Mimi nilijijibu mwenyewe, na jibu lilikuwa la uongo.

Bado tuko pamoja. Ni mheshimiwa sasa, na mimi bado nashona makochi. Jumapili wenzangu wameanza kurudi mmoja mmoja, ila pilau napika mimi na halijawahi kuiva vizuri. Nomsa anakaa mezani siku hizi, katikati yetu, na sahani anazipanga yeye.

Kila mara anazihesabu kwa sauti.

Karibuni mnichape. Na kama kuna mwenzangu aliyewahi kufanya kitu akidhani ni siri kumbe mwenza wake alikuwa nacho kwenye mkoba, ajitokeze, nisiwe peke yangu humu.