Tovuti ilifungiwa nikahamia memori kadi, mzee wa Mollo akaniletea magunia mlangoni

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ndipo tovuti yangu ilipoacha kufunguka.

Wakuu, heshima kwenu. Nasimulia yaliyonikuta hapa Sumbawanga, na sehemu zinazoniaibisha sitaziruka.

Nilikuwa naendesha kigazeti cha mtandaoni: bei za mahindi kila wiki, na habari za ushuru wanaotozwa wakulima kwenye mageti. Nadhani hayo ya ushuru ndiyo yaliyoniponza. Nilipouliza nikaambiwa nikate leseni. Ada yake inazidi bei ya kompyuta yangu.

Nikabadili njia. Kila toleo naligeuza PDF, nalipeleka duka la kurusha nyimbo pale stendi. Mtu akija kujaza kwaya na bongo fleva kwenye memori kadi, anaondoka na gazeti humo humo. Kijijini wanarushiana kwa bluetooth. Halikuchukua muda likafika Kaoze, ambako tovuti sijui kama iliwahi kusomwa.

Nikajiona mjanja. Kwa usalama nikafuta jina langu, namba ya toleo na tarehe. Anayenifuatilia asijue nani kaandika wala lini.

Msomaji naye akawa hajui lini.

Bei ilishuka kutoka mia saba kwa kilo hadi mia tano ishirini. Toleo jipya lilisema hivyo. Lakini la zamani liliendelea kuzunguka, na kila anayelirusha anasema "hili ndiyo jipya". Tovuti ningeisahihisha kwa dakika mbili. Faili likishatoka, unalirudishaje?

Mzee Sikazwe wa kijiji cha Mollo alikuwa na magunia thelathini ya mahindi, ndiyo ada ya binti yake chuo cha uuguzi. Dalali akampa mia tano ishirini. Mzee akamwonyesha simu: mia saba.

Dalali akacheka. "Basi kamuuzie huyo aliyeandika."

Wiki mbili baadaye bei ikawa mia nne. Asubuhi moja mkokoteni wa ng'ombe ukasimama mlangoni kwangu, umejaa magunia. Jina nilikuwa nimelifuta, kumbe Mollo nzima wanalijua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeandika mia saba. Leta mizani."

Nikamweleza yote: tovuti, kufungiwa, usalama, tarehe. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unawaficha wao, ukanificha na mimi?"

Tukakubaliana auze kwa mia nne, mimi nifidie hadi mia tano ishirini, bei ambayo angeichukua kama angejua ukweli. Ningekataa, nani Mollo angesoma tena neno langu?

Funzo: ukikwepa kufungiwa, ficha jina kama ni lazima, tarehe usiiguse. Sasa naiweka kila ukurasa, kwa herufi kubwa.

Mwenye mbinu ya kulizima faili lililokwisha kuzagaa anifundishe hapa chini. Juzi mtu wa Mwazye kanirushia lile lile la mia saba, ati jipya.

Magunia thelathini ya kilo mia, shilingi mia na ishirini kila kilo: zimenitoka laki tatu na elfu sitini.