Mafuta ya Transfoma

Juzi walileta transfoma mpya hapa kwetu Kibugu, na fundi mmoja akamwaga mafuta kidogo kwa nyasi. Ile harufu! Kama koroboi imezimwa karibu na chuma moto. Wajukuu wakashangaa mbona cucu, nyanya yao mwenye mdomo haupumziki, amenyamaza ghafla. Wao sijawaambia. Nyinyi nawaambia.

Nikiwa mtoto, kiwanda chetu cha kahawa kilikuwa na transfoma imekaa chini, ndani ya ua wa waya. Mlinzi, Mzee Njeru, alikuwa ananifungulia nikate nyasi ya mbuzi huko ndani, bora tu nisiguse kile chuma. Lakini chini yake kulikuwa na mfereji mdogo wa kuzungusha, unatoa mafuta tone moja moja. Watu walisema hayo mafuta yanaponya magoti, na ya cucu yangu yalikuwa yanalia kama mlango. Nikawa nakinga kwa mkebe. Nikimpaka, cucu anaimba, "Uuui, Wawira, hii ni dawa ya Mungu!" Siku hizi wanasema ni sumu.

Jioni moja matone yalinichosha. Nikazungusha mfereji. Mafuta yakaja mbio, mkebe ukajaa, nikajaribu kufunga mfereji, ukakataa. Nikasikia Njeru anakohoa. Nikabeba nyasi yangu, nikatoroka.

Kesho yake, mashine za kumenya kahawa zikinguruma, transfoma ikatoa moshi mweusi. Kila kitu kikanyamaza. Kahawa mbivu ya kijiji kizima ikaanza kuchacha pale juani.

Fundi wa stima akaja, mwembamba, anaongea na pua. "Sikizeni wazee. Stima ya mto Tana inakuja na nguvu ya kuua. Humu ndani kuna waya mbili zimezungushwa kwa chuma. Ya stima kubwa imezungushwa mara nyingi sana, ya kuelekea mashine mara chache. Hazigusani, lakini nguvu inavuka, na huko ng'ambo inatoka imepungua, kiasi mashine inaweza kubeba. Sasa zinapata joto, na mafuta ndiyo inazipoza. Mafuta imeisha, transfoma imejipika!"

Meneja, tumbo mbele, akanguruma: "Njeru! Ufunguo uko na nani?"

Maneno ya Njeru nitasema na sauti yangu tu, yake siigizi: "Ni mimi niko nao. Hakuna mwingine."

Akafutwa kazi hapo hapo. Akaanza kwenda, na mimi, kwa woga nisishukiwe, nikamfuata nyuma nikimuigiza: kule kuchechemea, kile kikohozi, "ni mimi niko nao." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akageuka. Akaangalia gauni langu, kisha uso wangu, akasema pole pole, "Wawira, mbuzi wa cucu yako watakula nini sasa?"

Nikacheka hata hiyo. Nikajisifu moyoni kwamba mzee hajui kitu.

Miaka ikapita, nikawa mama. Siku moja nafua gauni la msichana wangu, doa la mafuta limekataa kutoka, nikaketi chini na povu mikononi. Njeru aliliona langu siku ile! Neno moja tu kutoka kwake, na kile kijiji chote kingegeukia mlango wa cucu. Njeru wakati huo alikuwa ameshazikwa.

Wajukuu huniambia, cucu, igiza pasta, igiza chifu. Naigiza wote. Njeru nikijaribu, kikohozi chake kinanikwama kwa koo.