Miguu Mbele

Mdogo wangu wa kike, aliyerudi nyumbani auguzwe na mama, alikuwa hawezi kulala. Sisemi alikosa usingizi. Usingizi alikuwa nao mwingi, ukimwangusha kichwa hata mchana kweupe. Nasema hakuweza kulaza mgongo. Akijaribu kulala chali, muda si muda anaamka anahema mdomo wazi, anashika ukuta, anatafuta dirisha. Kwa hiyo aliishi kitandani ameegemea gunia la maharage, na mama alikuwa akimwambia kila asubuhi kwamba mgonjwa asiyejilaza anajichelewesha kupona.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo. Kila mwaka nachora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na ya bluu, na kila mwaka wanafunzi wananicheka kwamba nimechora kiazi. Nawaambia ni pampu mbili zinazotumia ukuta mmoja. Ya kulia inapokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue hewa. Ya kushoto inaipokea ikitoka huko na kuisukuma mwili mzima, mpaka kwenye vidole vya miguu. Katikati kuna vali, milango inayofunguka upande mmoja tu, damu ikishapita isirudi. Wananakili, tunafanya jaribio, tunahamia kwenye figo. Nilipofika likizo nyumbani Kanazi, nikamkuta mdogo wangu kwenye lile gunia, nilielewa kabla hatujamaliza kusalimiana. Natamani ningekuwa mwalimu wa historia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa unajulikana. Utotoni aliumwa koo mara kwa mara, na baada ya koo yakaja homa na magoti yaliyovimba, na nani kwetu angempeleka mtoto hospitali kwa sababu ya koo? Mwili ulipopigana na vijidudu vya kooni, ulijeruhi na vali ya moyo. Ikabaki na makovu, ikakakamaa kama mlango wa mbao uliovimba wakati wa mvua: unasukuma, unafunguka nusu. Damu inayotoka kwenye mapafu inakwama hapo, inarundikana, na maji yake yanachuja kuingia mahali panapotakiwa kuwa na hewa. Ukikaa, damu nyingi inabaki miguuni na kifua kinapata nafuu. Ukilala, yote inarudi kifuani. Hospitali walishampa vidonge vya kupunguza maji, lakini wakati wa kupanda maharage aliviacha, kwa kuwa vilikuwa vinamtoa shambani kwenda kujisaidia na majirani wakaanza kumtania.

Asubuhi moja ya likizo ile mvua ilikuwa imekatika. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu na mate yake yalikuwa na povu la waridi. Nikawapigia watu wa bodaboda. Wote wakanijibu kwamba njia ya kwetu imekuwa utelezi mtupu, hakuna pikipiki inayopanda. Gari lingeweza kusubiri chini, barabarani. Ikabidi machela.

Kwenye kilima chetu machela ni kazi ya kila nyumba. Unaitwa, unaacha jembe, unakuja kubeba. Baba mdogo ndiye anayeongoza wabebaji, na ana utaratibu wake, ambao ni utaratibu wa baba yake. Mgonjwa analazwa chali, anafunikwa, anafungwa kwa kitenge asiteleze, na anatangulizwa kichwa. Akitangulia kichwa, uso wake unaangalia nyuma, alikotoka, ili arudi. Maiti ndiyo hutangulizwa miguu, kwa sababu hairudi.

“Baba mdogo, akae,” nilimwambia. “Akilala anakosa pumzi.”

“Machela si kiti, mwalimu. Akikaa atatuangusha wote kwenye matope.”

Hapo alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi zaidi. Wakamnyanyua, tukaanza kuteremka. Kilima chetu kinashuka kwa ukali kuanzia tu migomba ya nyumbani inapoishia, na kichwa kikitangulia kwenye mteremko, kichwa ndicho kinakuwa chini. Nilikuwa natembea ubavuni pake. Nikaona mishipa ya shingo ikimtuna, macho yakimtoka, povu likizidi, mkono ukihangaika chini ya blanketi. Damu ya miguu yake yote ilikuwa inamiminika kwenye kifua ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Alikuwa anazama kwenye nchi kavu, mabegani mwa watu wanaompenda, na wote tulikuwa tunatembea kwa uangalifu mkubwa.

Nikawapita, nikasimama katikati ya njia.

“Mgeuzeni.”

Hawakunielewa. Nikarudia: miguu mbele, kichwa nyuma, kichwa kipate kuwa juu.

“Miguu mbele?” aliuliza baba mdogo, polepole, kama anayemuuliza mlevi. “Mwalimu, unajua unachokisema? Watu watatuona.”

“Mwanangu,” mama alisema nyuma yao, “usinizikie mtoto.”

Nilianza kuwaeleza habari za pampu na vali. Nikajisikia mwenyewe nikifundisha, mvua ikianza tena, mdogo wangu akikoroma, nikaona aibu, nikaacha katikati. Nikasema tu, “Baba mdogo, nakuomba. Akifa, waambie watu nimemuua mimi.”

Yeye hakuniangalia mimi, alimwangalia mama. Mama alikaa chini pale pale kwenye tope, akajifunika kichwa kwa kitenge na kutugeuzia mgongo. Baba mdogo akawapa wenzake ishara, wakaizungusha machela. Nikakunja koti langu na kumwekea chini ya mabega.

Hakupona. Kukoroma tu kulipungua, povu likapungua, akafumba mdomo kwa mara ya kwanza tangu nyumbani, akaufungua tena kuvuta hewa. Nilishika kifundo cha mkono wake, mapigo yakiwa ya kasi na bila mpangilio, nikawa naogopa kuuachia.

Kuanzia hapo tulipita kati ya watu. Wanaume waliokuwa mashambani walisimama, wakavua kofia. Mwanamke mmoja alitua ndoo yake, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia, na kilio chake kikapokelewa ng'ambo ya bonde na watu nisiowaona. Nilipiga kelele kwamba yuko hai. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, nao wakanitazama kwa huruma, kama mtu aliyepagawa na msiba. Mbebaji wa nyuma alikuwa analia pia, huku anamsikia akihema karibu na sikio lake. Mama alikuwa anatufuata kwa mbali na alikuwa ameshaanza kumtaja kwa sifa zake, mtoto aliyekuwa mcheshi, mtoto aliyekuwa na mkono mwepesi wa kusuka vikapu. Niliwachukia wote siku ile. Nilimchukia na mama, Mungu anisamehe, na chuki yenyewe ilinipa nguvu ya kutembea.

Tulipokaribia barabara mtandao uliokuwa umekatika njiani ukarudi, simu yangu ikaita. Alikuwa shemeji, mume wa mdogo wangu. Alikuwa ameondoka jana yake kwenda mnadani Benaco kuuza mbuzi, akimwacha mkewe anaongea. Kabla sijasema chochote nilimsikia analia. Kuna mtu alikuwa ameshampigia kutoka kilimani.

“Shemeji,” alisema, “wameniambia mmempitisha miguu mbele. Nisubirini. Msimfukie kabla sijamwona. Waambie wachimbe karibu na mama yangu, upande wa kahawa, pale alipokuwa anapapenda.”

Niliiweka simu kwenye sikio la mdogo wangu na kuishikilia. Yeye alisikiliza. Shemeji aliendelea kulia na kupanga kaburi, sauti yake ikitoka ndogo, na wabebaji wakapunguza mwendo wenyewe bila kuambiwa. Mdogo wangu alivuta pumzi, haikutosha, akavuta nyingine.

“Bado,” alimwambia.