Toleo la Arobaini

Ofisini tulimwita Mama Toleo, na jina hilo alilipenda kuliko cheo. Kazi yake ilikuwa kufungasha programu ya maduka ya dawa, ile inayochapa karatasi ya kubandika kwenye bahasha ya vidonge. Programu ikibadilika, yeye ndiye aliyelipatia toleo jipya namba yake, akaandika chini nini kimerekebishwa na kwa nini, kisha akamalizia na jina lake. Aliandika vizuri, sikatai. Wenye maduka walikuwa wanapiga simu kumsifu.

Ndipo akaajiriwa mdogo wake, tumbo moja, aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Mdogo mtu hakumaliza mwezi, akaunda mtambo wa kufanya yote hayo: unakusanya maelezo, unapandisha namba, unafungasha, unatuma. Na chini ya kila toleo lilisimama jina la mdogo mtu, kwa kuwa mtambo ni wake. Bosi alipiga makofi. Mama yao, huko nyumbani, akawa hana hadithi nyingine wakati wa kula.

Roho ilimuuma dada mtu, jamani! Chai ikichemshwa na mdogo wake, hainywi. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia mimi ninayekaa meza ya pili. Nikaendelea na kazi yangu. Ugomvi wa ndugu hauna mwamuzi.

Ijumaa moja akaingia kwenye mtambo, akafuta namba ya toleo lililokuwa linafuata, nne nukta kumi na tatu, akaandika arobaini, na jina lake chini. Alitaka likae juu kabisa ya orodha ya matoleo, watu waone. Likakaa kweli.

Wiki iliyofuata ikagundulika kwamba karatasi zinakatwa mstari wa mwisho, ule unaosema dawa inywewe mara ngapi. Mdogo mtu akarekebisha papo hapo, na mtambo, uliokuwa unafuata hesabu yake ya zamani, ukatuma nne nukta kumi na nne. Hakuna duka lililolipokea. Kompyuta za maduka hupokea tu namba kubwa kuliko iliyomo, na zote zilikuwa tayari na arobaini. Simu zikalia kutwa. Bosi, ambaye orodha ile hajawahi kuifungua tangu azaliwe, akamwita mdogo mtu ofisini kwake, mlango wazi, sote tunasikia.

"Mtambo wako umetuaibisha. Hii arobaini imetoka wapi?"

"Nimekosea mimi, bosi. Natoa arobaini na moja sasa hivi."

"Toa. Halafu kusanya vitu vyako."

Dada mtu akamkimbilia kwenye korido. "Jina langu liko pale chini. Hukuliona?"

"Nililiona, dada."

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Nikutajeje? Kazi hii umenifundisha wewe."

Nilidhani atamkumbatia. Thubutu! Alimtazama kwa kijicho ambacho sijakiona tena. "Ili mama asikie umenibebea kosa, akusifu mpaka tuzikwe?"

Akaingia kwa bosi bila hodi. "Arobaini niliandika mimi! Fungua usome, jina ni langu! Kila kitu kachukua, hata kosa langu nalo analitaka?"

Bosi akafungua, akasoma. Jioni ile aliyeondoka na boksi ni Mama Toleo. Mdogo wake, machozi yanamtoka, alitaka kumsaidia kulibeba. Akamnyang'anya.