Siku Mama Alipoomba Haragi Jeupe

Kila Jumapili, siku ya Mungu, ibada zikiisha, tunakutana nyuma ya duka la fundi wa kushona, karibu na bandari ya Nchelenge, pahali upepo unaleta harufu ya chisense, samaki wadogo walioanikwa kwenye muchanga. Tuko watu watano. Fundi mwenyewe anasinzia kabla ya ukurasa wa tatu, halafu anaamuka akiuliza nani amekufa. Kuna mama mumoja anayenunua samaki Kilwa, ngambo ya ziwa upande wa Kongo, na kuwaleta kwa bwato. Kuna ba ticha, mwanamuke Mubemba anayefundisha hapa muji. Kiswahili alikiokota sokoni na anakisema bila haya. Kuna mama yangu. Na mimi, mwenye kusoma, kwa sababu vitabu tunavyopata vinatoka Lubumbashi na karibu vyote ni vya Kifaransa. Ninapitisha macho kwenye ukurasa, kisha ninauelezea kwa Kiswahili. Nikichoka ninafupisha, na mama wa samaki ananishika palepale.

"Weye, umeruka. Rudia."

Mama yangu hajui kusoma. Alikuwa anakuja na karanga zake ndani ya sahani, anabambua, anasikiliza, hasemi neno. Wengine walimuzoea hivyo.

Tukimaliza kitabu, tunamusambisha mutu mumoja wa mule ndani, sawa vile watu wanashitakiwa na kuhukumiwa mbele ya mwami wa kijiji. Fundi anatia maharagi ndani ya kopo. Anayetoa jekundu anashitaki, anayetoa jeupe anatetea, wengine wanaamua. Na mushitaki ndiye anasema wa mwisho. Tumekwisha kumufunga pasta mumoja, na mwizi wa ngombe tulimuachilia kwa sababu alituchekesha. Kwa kweli tunacheka mingi kuliko tunavyosoma.

Lakini kuna jambo ambalo wale watatu hawakulijua. Mama yangu aliniacha. Nilikuwa mutoto wa darasa la tatu, vita imetufukuza mpaka kandokando ya ziwa, upande wa Kongo, kwa mama yangu mudogo. Asubuhi moja mama akapanda bwato na wadogo zangu wawili. Aliniambia atawafikisha ngambo, na kesho atarudia mimi. Magaribi mama mudogo akanipa bukari na sombe, ugali na majani ya mihogo. Sikugusa. Nilifunika sahani na sahani ingine, nikaiweka nyuma ya mulango, nile na mama akirudi. Asubuhi tukakuta siafu wameingia. Mama mudogo aliwamwagia kuku chakula kile na kunipiga kwa kukiharibu, na alikuwa na haki, maana hata yeye hakuwa na kingine.

Bwato halikurudi. Vita ilikaribia, mama mudogo akanikimbiza mbali ya ziwa, na njia zikafungwa kwa miaka. Nilipovuka mimi mwenyewe na kumukuta mama hapa Nchelenge, nilikuwa nimekwisha kuota matiti na hasira. Aliniangalia muda murefu, akasema, "Umekonda," akaenda kutia maji kwenye moto. Mambo yakaishia pale. Tulilima pamoja, tuliuza mihogo pamoja, tulizika mudogo wangu mumoja pamoja, na neno lile hatukulisema hata siku moja.

Sasa kitabu. Mama wa samaki alikileta ndani ya muzigo wa vitenge, jalada lake limekwisha kupasuka. Kilikuwa juu ya mwanamuke anayekimbia vita. Anapanda kamyo, lori lililopakia magunia, na mutoto wake mumoja tu, kijana mudogo, anamuacha kwenye mulango wa paroasi, kwa mapadri. Macho yangu yalifika pale kabla ya mudomo. Ningeweza kuruka. Ningeweza kusema mutoto alipanda pia, nani angejua? Lakini mimi nikikasirika ninasoma vizuri zaidi. Niliwaelezea yote, polepole, neno kwa neno, na nilikuwa ninaangalia mikono ya mama. Ilibambua karanga bila kusimama.

Siku ya kusambisha, mimi nilitoa haragi jekundu. Jeupe likamuangukia mama wa samaki. Alilitazama, akalitupa juu ya meza ya kushonea.

"Hapana. Miye siwezi kumutetea ule mwanamuke. Ata mbwa anabebaka batoto yake kwa meno."

"Sheria ni sheria, mama," ba ticha akamwambia, na watu wakacheka.

"Basi tafuteni mungine. Miye nitapika chai."

Nikaanza kushitaki. Nilisema vizuri, Mungu anisamehe. Nilisema juu ya mutoto anayesikia kila kamyo linalopita na kusimama. Nilisema kwamba mama yule alikuwa na midomo ya kuahidi lakini hakuwa na miguu ya kurudi. Nilisema mutoto wa namna ile haachwi siku moja, anaachwa tena kila asubuhi akiamuka. Hata fundi alikuwa macho. Nilipokaa, ba ticha akauliza kama kweli hakuna mutu wa kumutetea yule mwanamuke. Fundi akaangalia chini. Mama wa samaki akakoroga sukari.

"Nipe ile haragi," mama yangu akasema.

Alipangusa mikono kwenye kitenge, akalipokea, akalifungia ndani ya ngumi. Hakusimama. Alisema akiangalia karanga zake.

"Bwato ilikuwa imejaa. Mwenye bwato alisema, mama, batoto babili tu, batatu hapana. Kamoja kalikuwa kananyonya. Kengine kalikuwa na homa, kanatapika. Ule mukubwa alikuwa na mayele, na akili. Alijua kuwasha moto. Alijua kunyamaza batu babaya bakipita. Mama akaangalia bote batatu, akajiuliza, ni nani mwenye anaweza kuishi bila miye? Akaacha ule mwenye nguvu. Haiko kwa sababu hamupendi. Kesho yake alirudi ku bandari, mwenye bwato akakataa kuvuka. Kesho kutwa akarudi tena. Mpaka batu ba pale bakamuzoea, banamuita kichaa."

Ba ticha, masikini, alikuwa anafuata kwa bidii na kidole juu ya kile kitabu cha Kifaransa asichoweza kukisoma.

"Lakini mama, mu kitabu haikuwa bwato. Ilikuwa kamyo. Na mutoto alikuwa mumoja."

Fundi akamugusa mukono. "Ba ticha, acha."

Mama wa samaki aliniangalia, akamuangalia mama, akaweka kikombe chini. Wote walikuwa wananingojea mimi, kwa sababu mushitaki ndiye anasema wa mwisho. Miaka yote nilikuwa nimetayarisha maneno ya siku ile. Nilikuwa nayo ya kujaza kitabu kingine. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mutoto ule hakuwa na nguvu," nikasema. "Alikuwa ananyamaza tu."

Hatukuamua kesi ile. Fundi alirudisha maharagi ndani ya kopo, isipokuwa lile jeupe, maana mama alikuwa angali amelishika. Mama wa samaki akatugawia chai na tukainywa. Ba ticha alilia waziwazi, akaomba ruhusa, akaenda.

Tulirudi nyumbani kwa balabala la bandari. Mama alitangulia na sahani yake, mimi nyuma na kitabu. Nilikuwa na hasira bado, sitaki kudanganya. Ilikuwa inaniuma kwamba alichagua vizuri, kwamba ningekuwa mimi pengine ningechagua vilevile, na kwamba hiyo haikunisaidia kitu. Tulipofika kwenye meza za wauza samaki, alisimama. Hakugeuka. Niliona shingo yake tu, imekuwa nyembamba, na kitenge kikimupwaya mabegani.

"Ile siku ya kwanza," akasema, "kwa mama yako mudogo. Ulikulaka?"

Niliiona sahani nyuma ya mulango.

"Nilikula, mama."

"Alikupa nini?"

"Bukari na sombe."

"Ulishiba?"

"Nilishiba."

Mama akamushukuru Mungu kwa sauti, palepale balabalani, mbele ya wauza samaki wote.